Mafuta Yalipoadimika: Kwao Miezi, Kwetu Miaka

Ndugu Mhariri aliponiandikia kuniomba makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, nia yangu ilikuwa kuandika habari za kale zaidi, za Wajerumani walivyoingia katika nchi ya Wakuria. Nimebadili nia kwa sababu ya kijana mmoja wa Kidato cha Tatu. Katika mkutano uliopita, baada ya chakula, kijana huyo alinijia na daftari lake mkononi. Akasema, "Shikamoo mzee. Tumeambiwa tueleze jinsi upungufu wa mafuta ulivyoziathiri nchi zenye viwanda. Wewe uliishi wakati ule. Ilikuwaje?"

Nilimjibu kama nilivyokuwa nikiwajibu wanafunzi wangu muda wote wa ualimu wangu: foleni Marekani, giza Uingereza, Jumapili bila magari Uholanzi. Aliandika yote, akashukuru, akaenda zake. Usiku ule sikulala vizuri. Kijana yule ni mzaliwa wa Sirari, kama mimi, nami nilikuwa nimemsimulia habari za London bila kumtajia hata kidogo mashine ya kusaga ya baba yangu. Makala haya basi ni jibu langu la pili kwake, na kwa wenzangu ambao watakumbuka mengi kuliko niliyoyaandika hapa.

Tuanze na asili ya jambo. Tarehe 6 Oktoba 1973 majeshi ya Misri na Syria yaliishambulia Israeli ili kurudisha ardhi waliyonyang'anywa mwaka 1967. Marekani ilipoanza kuipelekea Israeli silaha kwa ndege, nchi za Kiarabu zenye mafuta zilikutana Kuwait tarehe 17 Oktoba zikaamua kupunguza uchimbaji kidogo kidogo kila mwezi, na muda si muda zikainyima Marekani mafuta kabisa, na Uholanzi pia. Siku moja kabla ya hapo, nchi za Ghuba zilikuwa zimekwisha kupandisha bei. Pipa moja, yaani lita 159, lililokuwa likiuzwa kwa dola 3 hivi, lilifika dola 11 na senti 65 ilipoingia Januari 1974. Mwezi ule wa Oktoba Tanzania ilivunja uhusiano na Israeli, kama zilivyofanya nchi nyingi za Afrika. Wengi wetu tulidhani marafiki zetu wapya wangetuuzia mafuta kwa bei ya kirafiki. Nchi za Afrika ziliomba hivyo, lakini bei haikupunguzwa. Tulipewa benki: Benki ya Kiarabu ya Maendeleo ya Uchumi Afrika, yenye makao yake Khartoum, iliyoanza kukopesha mwaka 1975. Mkopo ni jambo jema, ila hauwashi injini.

Mimi niliingia Kidato cha Kwanza Januari 1974, mwezi uleule wa bei mpya. Wenzangu wa mwaka ule mtakumbuka jinsi jenereta ya shule ilivyokuwa ikizimwa saa mbili na nusu usiku, halafu saa mbili, halafu ikawa haiwashwi kabisa ila siku ya mtihani au ya mgeni. Prepo tuliifanya kwa kandili, vijana sita kwa kandili moja, na aliyekaa mbali alisoma kwa kusikiliza. Lori la shule lilisimama chini ya mwembe hata kuku wakataga mayai ndani yake. Kuni tulizifuata kwa miguu. Hata mechi ya mpira tuliiendea kwa miguu, tukafungwa mabao matano, na mpaka leo nashikilia kwamba ilifungwa miguu iliyochoka, si sisi.

Sasa huko kwenye viwanda. Uholanzi ilipiga marufuku magari siku za Jumapili kuanzia tarehe 4 Novemba 1973, na watu wakatoka na baiskeli, wengine na farasi, wakatembea katikati ya barabara kuu kama wako sikukuu. Ujerumani Magharibi ikafuata kwa Jumapili nne. Japani, ambayo karibu mafuta yake yote hutoka nje, ilishikwa na hofu ya ajabu: akina mama wa Osaka waligombea karatasi za chooni madukani kwa uvumi kwamba zingekwisha. Uingereza ilipata pigo mara mbili, kwa kuwa wachimba makaa ya mawe nao walikuwa na mgogoro wao juu ya mishahara. Serikali ya Edward Heath ikaamuru viwanda na ofisi nyingi zipate umeme siku tatu tu kwa juma, kuanzia tarehe 1 Januari 1974 hadi Machi, na televisheni zikawa zinafungwa saa nne na nusu usiku. Heath alikwenda kwa wapiga kura tarehe 28 Februari, akaondoka madarakani. Marekani magari yalipanga foleni kuzunguka mitaa. Mahali pengine wenye namba shufwa walinunua siku hii, wenye namba witiri siku ya pili. Mwendo wa magari uliwekewa mpaka wa maili 55 kwa saa.

Hayo ndiyo niliyomweleza kijana, na ni kweli tupu. Kasoro yake ni kwamba yanamfanya msomaji adhani upungufu ndio uliokuwa jambo kubwa. Upungufu wenyewe, maana yake kukosekana kwa mafuta yenyewe, ulidumu miezi. Marekani iliondolewa vikwazo Machi 1974. Kilichobaki ni bei, na bei ndiyo iliyouma kwa miaka. Viwanda vya magari vilipunguza watu, bei za vitu zilipanda huku kazi zikipungua, jambo ambalo wachumi wa siku zile walikuwa wakifundisha kwamba haliwezekani. Kufikia Mei 1975 watu 9 katika kila 100 wa nguvu kazi ya Marekani hawakuwa na kazi. Na tuangalie ni nani aliyefungiwa mlango kwanza: mnamo Novemba 1973 Ujerumani Magharibi iliacha kuajiri vibarua kutoka nje, Waturuki na wengineo, na Ufaransa ikafanya vivyo hivyo Julai 1974.

Lakini nchi hizo zilikuwa na njia za kutokea. Ufaransa iliamua mwaka 1974 kujenga mitambo ya umeme wa nyuklia kwa wingi. Uingereza ilianza kuvuta mafuta ya Bahari ya Kaskazini mwaka 1975. Marekani ilijaza mafuta ya akiba ardhini, ikajenga bomba la Alaska lililokamilika mwaka 1977. Wajapani waliokuwa wakichekwa kwa magari yao madogo wakawa ndio wenye kucheka. Zaidi ya yote, nchi hizo ziliongeza bei ya vitu vyao. Tajiri wa mafuta alipotaka kujenga barabara na hospitali, alinunua saruji, mitambo na ndege kutoka Ulaya, Marekani na Japani; hivyo sehemu kubwa ya fedha iliyotoka ilirudi kwa mlango mwingine. Fedha zilizobaki ziliwekwa katika benki zao, na benki hizo zikazikopesha nchi maskini, ambazo zilikuwa na shida ya kununua mafuta. Wanafunzi mnaosoma habari za madeni ya miaka ya 1980, chanzo kimojawapo ni hicho.

Na sisi? Tanzania tulikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta, TIPER, kilichoanza kazi Dar es Salaam mwaka 1966, ubia wa Serikali na Waitaliano. Tulikuwa na bomba la TAZAMA lililofika Ndola, Zambia, mwaka 1968, zaidi ya kilomita 1,700. Lakini hatukuwa na kisima. Kila tone lilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilitoka katika kahawa, pamba, katani, chai na korosho. Mwaka ule wa 1974 ukame ulikuwa umeharibu mazao, tukawa tunanunua chakula na mafuta kwa wakati mmoja, na huku Operesheni ya Vijiji inaendelea, watu wa mkoa wetu wakihamishwa. Faida moja ndogo nitaitaja kwa sababu vitabu huisahau: kamba za nailoni na plastiki zikawa ghali, maana zinatokana na mafuta, na bei ya katani ikapanda ghafula. Haikudumu. Halafu baridi kali ya Julai 1975 iliunguza mibuni ya Brazil, na mwaka 1976 na 1977 bei ya kahawa ikapaa. Wazee wa milima ya Tarime walizezeka mabati kwa baridi ya Brazil. Kwa miaka hiyo miwili tulivuta pumzi.

Nizungumze sasa juu ya mashine. Baba na mdogo wake waliuza ng'ombe wakanunua injini ya dizeli na kinu cha kusagia mwaka 1971. Ilikuwa kibanda cha mabati karibu na mpaka, na akina mama walitoka pande zote mbili, wa Sirari na wa Isebania, kwa kuwa mpaka ule kwetu sisi Wakuria ulikuwa mstari katika ramani ya mtu mwingine. Shangazi yangu aliolewa ng'ambo, kilomita chache tu. Ng'ombe, bibi harusi na mahindi vilivuka bila kuulizwa. Dizeli ilitoka upande wowote uliokuwa nayo. Mama yangu, ambaye mikono yake ilikuwa na sugu za jiwe la kusagia tangu usichana, alilisukuma jiwe lake nyuma ya ghala na kuku wakawa wananywea maji shimoni mwake.

Bei ya 1974 haikuizima mashine. Baba alipandisha ada kwa debe, akina mama wakalalamika, wakalipa. Kilichoanza kuizima ni siasa. Mwanzoni mwa Februari 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, na katikati ya mwaka ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa. Mimi nilikuwa Kidato cha Nne. Kabla ya hapo bidhaa nyingi za Mara zilitoka Kisumu, kwa meli za ziwani au kwa barabara ya Kisii, safari ya siku moja. Sasa dizeli ilipaswa kutoka Dar es Salaam kwa reli mpaka Mwanza, zaidi ya kilomita 1,200, kisha ije Musoma, kisha Tarime, na sisi wa Sirari tupo mwisho kabisa wa mkia. Kila iliposimama, ilipungua.

Kisha yakaja mawili kwa pamoja. Oktoba 1978 Idi Amin aliivamia Kagera, malori ya nchi nzima yakaenda vitani na mafuta yakayafuata. Januari 1979 Mfalme wa Iran alikimbia nchi yake, na kutoka hapo bei ya pipa ikapanda kutoka dola 13 hivi hadi kupita 30. Marekani walipanga foleni tena. Lakini safari hii wao walikuwa wamejiandaa. Sisi tulikuwa tumetoka vitani. Mwalimu Nyerere alituambia tufunge mkanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita, mkanda ukabaki palepale, ukaongezewa matundu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafuta peke yake yalikuwa yakila nusu au zaidi ya fedha zote za mauzo yetu ya nje, hali tukitumia mafuta machache kuliko zamani. Hapo ndipo ninapowaomba wanafunzi wafikiri. Duniani mafuta yalikuwepo. Meli zilipita mbele ya Dar es Salaam zikiwa zimejaa. Tulichokosa ni fedha ambazo mwenye meli angezikubali.

Nasi tulikuwa na Jumapili zetu. Magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana bila kibali. Mholanzi alitoka na baiskeli Jumapili chache, akapiga picha, akarudi kwenye gari lake. Kwetu amri ile ilidumu miaka. Sirari haikutusumbua sana, nakiri, kwa kuwa Jumatatu nayo magari hayakuwepo.

Kwa hiyo dizeli ya baba ilianza kutoka kwa shangazi. Vijana wawili walivuka usiku kupitia mashamba ya mahindi, kila mmoja na dumu la lita 20 kichwani. Mashine ilisaga siku mbili, ikalala siku tano. Mafuta ya taa yalikuja kwa njia hiyohiyo, na sabuni pia. Neno lake lilikuwa magendo, na kila mtu alilijua. Mama alilirudisha jiwe kutoka nyuma ya ghala, akaliosha, akapiga magoti. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu.

Mwezi Machi 1983 Waziri Mkuu, Edward Moringe Sokoine, alianzisha msako wa wahujumu uchumi. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu kijana katika shule nyingine, nafundisha historia na siasa, na niliuunga mkono msako ule kwa moyo wote. Nilisimama mbele ya wanafunzi mstarini nikasema kwamba anayevusha bidhaa usiku ni adui wa mkulima. Sikuwa mnafiki. Kulikuwa na watu walioficha shehena za sukari na magunia ya fedha wakati watoto wanakosa dawa, na Sokoine alikuwa mtu safi. Nilimlia alipofariki katika ajali karibu na Morogoro Aprili 1984, na sioni haya kusema hivyo.

Lakini nilipokwenda likizo nyumbani mwaka ule wa 1983, nilikuta zizi linanuka dizeli. Baba aliposikia kwamba mgambo wameingia kijiji cha pili, alikuwa ameyafukua madumu matatu aliyoyafukia chini ya samadi, akayamwaga yote. Lita sitini. Ng'ombe walikataa kulala pale kwa majuma kadhaa. Hawakumkuta na kitu, wala hawakumchukua. Jirani yetu walimchukua. Mashine ilikuwa imefungwa kwa kufuli.

Jioni baba aliniita tukae nje. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe ni mwalimu. Mimi ni mhujumu?"

Nikasema, "Baba, hiyo ni sheria, si mimi."

Akasema, "Sikuuliza sheria." Akanyamaza. Toka ndani tulisikia sauti ya jiwe, mama anasaga ulezi wa uji wa mgeni, na mgeni ni mimi.

Nimefundisha sura ya mafuta mara nyingi tangu jioni ile, na kila mara nimepita mbali na swali lake. Nikiulizwa leo kama mwanahistoria, nitasema kwamba msako ulikuwa na haki katika lengo lake, na kwamba uliwashika wengi waliokuwa wakiziba pengo ambalo Serikali yenyewe haikuweza kuliziba. Nikiulizwa kama mtoto wake, nitasema hapana, Baba, hukuwa mhujumu. Jibu hilo lilichelewa. Alifariki mwaka 1991.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983 baada ya mapatano ya Arusha yaliyosimamiwa na Victor Umbricht wa Uswisi, na asubuhi ya kwanza shangazi alivuka barabarani, mchana kweupe, na kuku mkononi. Mashine ilisaga tena, ingawa injini ilikuwa imechoka. Mwaka 1986 bei ya mafuta duniani ilianguka hadi kukaribia dola 10 kwa pipa, lakini madeni hayakuanguka nayo. Jambo jingine la kushangaza: gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, katikati ya msiba wenyewe, na miaka 30 ikapita kabla haijaanza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Kuchimba nako kunahitaji fedha zilezile zilizokuwa zikiliwa na mafuta. TIPER nayo imekwisha kuacha kusafisha. Siku hizi ni matangi ya kuhifadhia.

Leo Sirari ina vituo vya mafuta, na vijana wa bodaboda wanajua bei ya pande zote mbili kuliko afisa yeyote. Forodha za nchi mbili zinafanya kazi pamoja, na wenye mizigo hawasimami mara mbili kama zamani. Kibanda cha mashine kimebomoka, injini iliuzwa kama chuma chakavu. Jiwe la mama ninalo, liko kando ya mlango wangu wa nyuma. Kijana wa Kidato cha Tatu, ambaye sasa atakuwa wa Nne, na afike nyumbani siku yoyote aje na daftari lake. Aulize tu kwa mwalimu mzee, ataonyeshwa.